Kabla Hajang'ata

Siku Herieth alipomng'ata mwalimu wa darasa la pili, mama yake hakupigiwa simu. Alifuatwa na wanafunzi wanne wa darasa la saba, mbio, kana kwamba mtoto amekufa. Levina alikuwa barazani kwake Kibaoni, mjini Ifakara, mguu kwenye cherehani, anamalizia sare za kwaya. Aliinuka na kipande cha uzi bado kikiwa mdomoni.

Ofisini kwa mwalimu mkuu alimkuta Herieth amelala sakafuni, usingizi mzito, mate yamemkaukia shavuni. Mwalimu aliyeng'atwa alikuwa amekaa kitini, mkono umefungwa leso yenye damu, analia taratibu kwa hasira. Watu wazima watano walikuwa mle ndani na hakuna hata mmoja aliyemsogelea mtoto.

"Mama Herieth," alisema Mwalimu Dionisi, mwalimu mkuu, "hii ni mara ya tano. Kavunja dirisha. Kamrushia mwenzake ndoo. Kakimbilia barabarani katikati ya kipindi. Tumechapa, haisaidii. Sasa kaanza kula watu."

"Naomba mnisamehe, mwalimu."

"Sitaki kuombwa msamaha. Mchukue. Ukipata daktari wa akili akakuandikia barua kwamba huyu anaweza kukaa na watoto wa wenzake, mlete. Bila barua, hapa asikanyage."

Levina akambeba mgongoni, msichana wa miaka minane, miguu inaning'inia. Getini watoto walikuwa wamejipanga kutazama. Mmoja akaanza, "Ki-chaa! Ki-chaa!" na wengine wakapokea, wakawasindikiza kwa makofi mpaka kwenye kona ya mashine ya kukoboa mpunga. Walimu waliokuwa barazani hawakuwanyamazisha.

Jioni Herieth aliamka, akaomba uji, akaunywa wote. Levina alipomuuliza kwa nini alimng'ata mwalimu, alimtazama mama yake kwa mshangao.

"Mwalimu gani?"

Levina akampiga kofi. Alikuwa amekwisha kulisikia jibu hilo mara nyingi, na kila mara lilimpandisha hasira kuliko kosa lenyewe.

Wiki ile ile mama mkwe wake, Bibi Yosefina, alishuka basi kutoka Malinyi na begi lake na kuku mmoja. Hakuna aliyemwita. Mwanawe Leodegar, mume wa Levina, aliendesha trekta kwenye shamba kubwa la mpunga huko Mngeta na alirudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, kwa hiyo Bibi Yosefina aliona ni wajibu wake kuja kushika usukani. Alimpenda sana mjukuu wake mdogo, Antoni, wa miaka mitatu, akambeba tangu asubuhi hadi jioni. Lakini Herieth, bibi alimwangalia kwa mbali tu, kama mtu anavyoangalia mbwa asiyemjua.

"Kwetu hatujawahi kuwa na mtoto wa hivi," alisema mbele ya Herieth, akichambua mboga. "Kizazi chetu chote. Labda kwenu."

"Kwetu pia hakuna, mama," alijibu Levina haraka.

Basi wakaanza kuzunguka. Kwanza ilikuwa kwenye maombi, kwenye turubai moja nje ya mji, kwa sababu Bibi Yosefina alisikia kwamba huko mapepo yanatoka kwa kelele. Wanaume wanne walimlaza Herieth chini wakamshika mikono na miguu siku tatu mfululizo. Siku ya tatu alitokwa na haja ndogo na umati ukashangilia kwamba pepo ametoka. Walirudi nyumbani ana michubuko ya vidole kwenye vifundo vya miguu, na kesho yake akavunja kioo cha kabati.

Halafu walikwenda zahanati. Mganga wa pale alimpima malaria, hakuikuta, akasema mtoto huyu apelekwe kwa daktari wa akili wa watoto. Levina akauliza yuko wapi. Mganga akacheka, si kwa ubaya. "Dar es Salaam wapo. Dodoma wapo. Hapa kwetu, mama, labda aje kwa ziara."

Jirani ndiye aliyemtajia Daktari Alphonce, aliyekuwa na vyumba viwili nyuma ya stendi na kibao kilichoandikwa Ushauri wa Akili na Mishipa. Levina alikwenda naye Herieth tu. Alimkuta mwanamume nadhifu, shati limenyooshwa mpaka mikunjo inakata, sauti laini. Alimwita Levina "mama yangu" na Herieth "malkia." Alimpa mtoto pipi. Watu wote waliotangulia walikuwa wamemfokea Levina. Huyu alimpa kiti chenye mto.

"Umeteseka, mama yangu," alisema. "Naona tu usoni."

Levina akalia. Alilia mpaka pua ikaziba, na yule bwana akamngoja, akampa karatasi laini ya kujifutia. Kisha akampima mtoto mapigo ya moyo, akamulika macho, akasema ubongo umechemka, utapoozwa. Sindano kila baada ya wiki mbili, na vidonge vya usiku.

Hakuuliza swali hata moja. Na hilo, Levina alikuja kukiri mwenyewe baadaye sana, ndilo alilolipenda kuliko pipi na kiti.

Kwa sababu lilikuwapo jambo ambalo hakutaka kuulizwa. Levina alizaliwa upande wa Mahenge, juu milimani. Alikuwa na dada, Restuta, aliyekuwa akianguka kifafa. Kijijini kwao watu waliamini kwamba povu la mgonjwa likikugusa umeambukizwa, na kwamba anayemshika akiwa ameanguka ataanguka yeye kesho. Restuta alikuwa na bakuli lake, kikombe chake, mkeka wake. Siku moja, akiwa na miaka kumi na minne, alianguka juu ya mafiga wakati chungu cha maharage kikiwa motoni. Jikoni walikuwamo watu: shangazi, jirani, na Levina wa miaka tisa. Wote walisimama. Shangazi alipiga kelele kuita wanaume, jirani alijishika kichwa, na Levina alisimama mlangoni akitazama, mikono ameificha nyuma, kwa sababu aliambiwa asiguse. Restuta aliishi siku sita baada ya hapo.

Alipoolewa na Leodegar, Levina hakusema. Baba yake ndiye aliyemkataza. "Ukisema, hakuna atakayekuoa. Na wadogo zako hawataolewa." Walipoulizwa na upande wa mume kuhusu magonjwa ya ukoo, wazee wake walitazamana, wakasema hakuna.

Herieth hakuwa anaanguka. Levina alijishikilia hapo. Mtoto wa kifafa huanguka, huyu haanguki. Huyu ana hasira tu, ana utundu, ana pepo, lolote lile. Lakini aliwahi kumwona, zaidi ya mara moja, anasimama ghafla katikati ya mchezo, macho wazi na hamna mtu ndani yake, midomo inatafunatafuna kitu kisichokuwapo, vidole vinachezea pindo la gauni. Restuta naye alikuwa akitafuna hewa vile vile, muda mfupi kabla hajaanguka. Kila alipoona hivyo Levina aligeuza uso akaendelea kushona.

Sindano ilifanya kazi. Ndani ya wiki moja Herieth alinyamaza. Alikaa pale alipokalishwa. Alikula kwa kulishwa, alitembea kwa hatua fupi fupi, mikono haichezi pembeni, kama mzee. Udenda ulimtoka, Levina akamshonea vitambaa vya kufunga shingoni, vizuri, vyenye maua. Hakuvunja kitu. Hakuimba pia, na kabla ya hapo alikuwa akiimba tangu anaamka.

"Sasa umepata mtoto," alisema Bibi Yosefina, na kwa mara ya kwanza akamwekea Herieth kipande cha samaki kwenye sahani.

Leodegar alirudi kutoka Mngeta, akamwangalia bintiye kwa muda mrefu. "Mbona kama haoni?"

"Anaona," alisema Levina. "Ametulia."

"Ametulia," alirudia Leodegar, akaenda kuoga.

Daktari Alphonce aliandika barua yenye mhuri. Mwalimu Dionisi aliisoma, akampokea mtoto, akampeleka dawati la nyuma, na kila alipokutana na Levina njiani alimpongeza. Kwa miezi minne hakuna aliyelalamika. Levina alishona mpaka akapata wateja wapya. Jioni moja alijikuta anapiga mluzi kwenye cherehani, akamgeukia bintiye aliyekuwa amekaa ukutani na udenda wake, mluzi ukamkatikia mdomoni. Lakini Jumamosi iliyofuata alimpeleka sindano kama kawaida.

Mwezi wa tano wa sindano, siku ya Jumatatu, shule ikiwa mstarini, shingo ya Herieth ilipinda kuelekea bega la kushoto, ikapinda mpaka kidevu kikatazama nyuma. Macho yakapanda juu yakabaki meupe. Ulimi ukatoka nje na haukuweza kurudi. Alikuwa na akili zake zote. Alikuwa akijaribu kuita mama, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanakondoo. Watoto walicheka mwanzoni, wakidhani anafanya masihara. Walipoona si masihara wakakimbia.

Levina, aliyefuatwa tena nyumbani, alimpakia kwenye bajaji mpaka nyuma ya stendi. Daktari Alphonce alimtazama mtoto kutoka mlangoni, hakusogea.

"Hiyo ni akili inarudi mahali pake, mama yangu. Mpe maji ya limao."

"Daktari, shingo itavunjika!"

"Nina mgonjwa ndani," alisema kwa sauti ile ile laini, akafunga mlango, na Levina akasikia komeo.

Hospitalini alimpokea muuguzi wa kitengo cha akili, Oliva, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliuliza mtoto anachomwa nini. Levina akatoa kichupa alichokiokota siku moja kwenye ndoo ya takataka kwa Daktari Alphonce. Oliva akasoma, uso ukabadilika. Akamchoma Herieth sindano nyingine, na katika muda wa kusali rozari moja shingo ikaanza kulegea, macho yakashuka, ulimi ukarudi.

"Dozi hii wanapewa wanaume wazima waliofungwa kamba," alisema Oliva. "Nani kakwambia huyu ni daktari?"

Hakuna aliyemwambia. Palikuwa na kibao.

"Wiki ijayo, Jumatano na Alhamisi, anakuja daktari wa akili wa watoto. Dokta Evarist. Anapita mara moja kwa miezi mitatu. Ni mkali, nakwambia mapema. Ila anajua. Uje na mtoto saa kumi na mbili asubuhi ushike nafasi."

Levina alitaka kwenda peke yake. Aliaga usiku kwamba anakwenda sokoni na Herieth, kununua vitambaa. Lakini Oliva alikuwa ameandika tarehe kwenye kadi, na Bibi Yosefina, ambaye alijua kusoma vizuri tu, alikuwa ameiona kadi. Asubuhi alimkuta mlangoni amevaa kitenge cha kanisani, Antoni mgongoni.

"Mjukuu wangu anaumwa, niachwe nyumbani kulinda kuku?"

Walingoja mpaka saa saba mchana. Dokta Evarist alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, koti jeupe limeingia wino mfukoni, anakula karanga kutoka kwenye karatasi na kutupa maganda kwenye sahani ya vyuma vya hospitali. Chumba alichopewa kilikuwa nusu chumba. Nyuma ya pazia watu walikuwa wakisafishwa vidonda, na kila neno lilisikika pande zote mbili. Levina akamwamkia shikamoo. Aliitikia bila kuinua kichwa.

"Anafanya nini?"

"Anang'ata, daktari. Anavunja vitu. Anakimbia. Shuleni wame—"

"Sijauliza shuleni. Kabla hajang'ata, anafanya nini?"

Katika miezi yote ya kuzunguka, hapakuwa na mtu aliyewahi kuuliza kabla. Wote walitaka kujua kang'ata nani, kavunja nini, mara ngapi.

"Hakuna kitu," alisema. "Ghafla tu."

Mzee akaacha karanga. Akamvuta Herieth karibu, akampa kalamu na karatasi, akamwambia achore nyumba. Herieth, ambaye sindano zilikuwa zimeanza kumtoka mwilini, akachora polepole. Mzee akamtazama, akangoja. Hakuwa na haraka kama alivyoonekana. Zikapita dakika kumi, kumi na tano, mgonjwa mwingine akachungulia mlangoni akafukuzwa. Na kalamu ikasimama. Midomo ya Herieth ikaanza kutafuna. Mkono wa kushoto ukachezea pindo. Dokta Evarist akamwita jina, hakusikia. Akapunga mkono mbele ya macho, hayakupepesa. Bibi Yosefina akainuka amshike bega kumtikisa.

"Usimguse!" alifoka mzee.

Alikuwa amechelewa. Bibi alimshika, na Herieth akageuka kama paka aliyekanyagwa, akang'ata hewa, akapiga teke meza, karanga zikamwagika. Mzee akamsukuma bibi pembeni, akaishusha sauti yake, "Tuko hapa, tuko hapa, hakuna mtu," bila kumshika, akaondoa tu meza asijigonge. Ikaisha. Herieth akajikunja sakafuni akalala.

"Mkimwacha, hang'ati mtu," alisema Dokta Evarist akihema. "Anang'ata kwa sababu mnamkamata wakati hayupo. Akiamka hajui. Mmekuwa mkimchapa kwa vitu asivyovijua. Kwenye familia, nani ana kifafa?"

"Hakuna," alisema Levina.

"Unatoka wapi, mama?"

"Kibaoni."

"Kuzaliwa."

Levina alitazama pazia. Nyuma yake mtu aliyekuwa akiugulia kidonda alikuwa amenyamaza, anasikiliza. "Mahenge."

"Nimefanya kazi Mahenge miaka mingi kabla wewe hujavunja ungo. Kule ukiingia kijijini ukisema hakuna kifafa, watoto wanakucheka. Nakuuliza mara ya pili, na sitauliza ya tatu. Kuna aina mbili za dawa. Nikimpa isiyo yake, siku moja ataanguka kabisa. Ataanguka kisimani, au ataanguka motoni. Wewe chagua, mimi kesho narudi kwangu."

"Dada yangu," alisema Levina.

"Sikusikia."

"Dada yangu Restuta. Alianguka motoni. Alikufa."

"Baba mmoja, mama mmoja?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anatafuna hivi kabla hajaanguka?"

"Ndiyo, daktari. Vile vile."

"Na ulijua." Mzee hakusema kwa kuuliza. Alikuwa anaandika. "Ulijua, ukampeleka kwa muuza sindano akamzamisha mtoto miezi minne, na dawa yenyewe inachochea kifafa. Haya."

Hakuwa na haja ya kusema yale. Dawa ilikuwa tayari imeandikwa. Lakini alikuwa mtu ambaye akiliona jambo hulisema, na hakuangalia nani mwingine yumo chumbani.

Bibi Yosefina alikuwa bado amesimama. Alitazama mkono wake, ule uliomshika Herieth, akautazama mbele na nyuma, kisha akaufuta kwenye kitenge chake cha kanisani, mara mbili, kwa nguvu. Antoni alikuwa ameshuka chini na kuchuchumaa karibu na dada yake aliyelala. Alikuwa akimfuta mate shavuni kwa kiganja, kama alivyomwona mama yake akifanya. Bibi akamkwapua kwa mkono mmoja, mtoto akaning'inia analia, akampeleka nje kwenye bomba la maji. Levina alimsikia akimsugua mikono mtoto, na Antoni akilalamika kwamba inauma.

"Mwambie haiambukizi," alisema Levina kwa Dokta Evarist. "Tafadhali, mwambie wewe. Mimi hataniamini."

Mzee alitoka kweli. Akasimama bombani akamweleza bibi kwa maneno makali na sahihi kwamba kifafa hakiambukizi kwa mate, wala kwa kugusa, wala kwa sahani. Bibi Yosefina alimsikiliza kwa heshima zote, akaitikia, "Asante, daktari," na akaendelea kumsugua mtoto.

Dawa ilikuwa vidonge vyeupe, asubuhi na jioni, na Oliva akamfundisha Levina namna ya kuongeza kidogo kidogo. Mwezi wa kwanza Herieth alishikwa na kifafa mara tatu. Mwezi wa pili mara moja. Udenda uliisha, hatua zikarudi. Wiki ya kumi Levina alikuwa anakata kitambaa barazani akasikia wimbo ndani ya nyumba, akaweka mkasi chini akashika mlango kwa mikono miwili. Mtoto alikuwa anaimba huku anatandika kitanda. Hakuwa na mtu wa kumwita aje asikie.

Kwa maana Bibi Yosefina alikuwa amemweleza mwanawe yote na kurudi Malinyi, na Leodegar alikuwa amekwisha kuja, wiki ya pili ya vidonge. Alikuja na baba yake mdogo na pikipiki ya mizigo. Hakupiga mtu, hakutukana. Ingekuwa rahisi kama angetukana.

"Miaka kumi," alisema. "Ningeulizwa kazini mke wako ni nani, ningesema namjua."

"Ningekwambia ungenioa?"

Leodegar alifikiri kwa uaminifu, maana alikuwa mtu wa namna hiyo. "Hapana," alisema.

"Basi."

"Pepo nilikuwa navumilia, Levina. Nilisema pepo ataondoka siku moja. Hii ni damu. Hii haiondoki." Akatazama chini. "Ndoa ni ya kanisani, siwezi kuivunja, wala sina mpango huo. Nyumba kaa. Ila Antoni anakwenda kwa mama, Malinyi. Bado mzima. Nataka abaki mzima."

"Daktari alisema haiambukizi. Mama yako alisikia kwa masikio yake!"

"Mama alisema daktari alisema hivyo," alijibu Leodegar, na baba yake mdogo akaanza kufunga godoro la Antoni kwa kamba.

Levina alishika godoro. Baba mdogo, mzee wa watu, aliibandua mikono yake kidole kimoja kimoja, akisema "Pole, mwanangu, pole," mpaka vikaisha vyote kumi. Antoni alipandishwa pikipiki akidhani anakwenda kutembea. Alipunga mkono. Herieth, aliyekuwa bado mzito wa sindano za zamani, alikaa ukutani akatazama bila kuuliza kitu.

Levina alikwenda kwa paroko. Paroko alimwonea huruma, akaahidi kuzungumza na Leodegar, akazungumza naye kweli, na haikubadilika kitu. Alikwenda ustawi wa jamii, akaambiwa alete shauri lake kwa maandishi. Alirudi shuleni na barua ya Dokta Evarist, barua ya kweli safari hii, iliyoeleza ugonjwa kwa jina lake. Mwalimu Dionisi aliisoma mara mbili. Akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Akasema wazazi wengine wakijua ni kifafa, patakuwa na kelele. Mwishowe alimpokea mtoto, kwa sharti kwamba Herieth aje na kikombe chake.

Mvua zilipokatika na barabara ikapitika, Levina alimvalisha Herieth gauni jipya wakapanda basi kwenda Malinyi kumwona Antoni. Bibi Yosefina aliwapokea uani. Alikuwa na adabu. Aliuliza habari za Kibaoni, za kazi, za afya. Levina aliwekewa kiti na kuletewa sahani ya wali na samaki aina ya kitoga. Herieth aliwekewa gunia chini mbali kidogo, na chakula chake kikaja kwenye kifuniko cha ndoo.

Antoni alitoka ndani akikimbia. "Dada!" Alikuwa ameongezeka. Alifika hatua tatu kutoka kwenye gunia, akasimama mwenyewe, bila kukatazwa na mtu, akaficha mikono nyuma.

"Bibi anasema nisikushike," alisema.

Levina aliitazama ile mikono iliyofichwa nyuma, akaweka sahani chini.

Herieth alikuwa mzima wakati ule. Alikuwa akiona kila kitu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, bila pengo katikati. Aliangalia kifuniko cha ndoo, akaangalia sahani ya mama yake, akamwangalia mdogo wake. Alikula wali wake wote, akakiosha kifuniko mwenyewe bombani, akakirudisha kwa bibi kwa mikono miwili, akasema asante.

Hakusema kitu mpaka walipokuwa wamekaa kwenye benchi la kungojea basi la kurudi Ifakara, miguu yake haifiki chini.

"Mama."

"Abee."

"Nilipokuwa na pepo, Antoni alikuwa anakaa na sisi."

"Ndiyo."

"Na nilipokuwa nachomwa sindano za kulala, pia."

"Ndiyo, mwanangu."

"Nikiacha vidonge nikawa vile tena, watamrudisha?"

Levina alipaswa kusema hapana. Lilikuwa neno moja, na alikuwa nalo. Lakini picha ilimpita kwanza: barazani jioni, Antoni anatambaa chini ya cherehani, Leodegar anaoga, Bibi Yosefina anaweka kipande cha samaki kwenye sahani, na msichana ukutani, ametulia. Ilimpita haraka sana, kisha akasema, "Hapana. Usiseme hivyo tena. Hapana."

Alikuwa amechelewa kidogo tu. Zamani Herieth asingegundua. Sasa aligundua, akageuza uso wake upande ambao basi lilikuwa linatokea.